Kiingereza kwa Kiingereza Tu: Kanuni Ilikotoka

Kila mwanachuo aliyepita mikononi mwangu alikuwa na daftari la Mbinu za Kufundisha Kiingereza, na karibu kila daftari lilianza na orodha ya istilahi. Lugha ya kwanza, lugha ya pili, lugha ya kigeni. Njia ya sarufi na tafsiri. Njia ya moja kwa moja. Njia ya kusikiliza na kusema. Njia ya mawasiliano. Stadi nne. Wanachuo walizikariri kama tulivyokariri sisi majina ya mito na maziwa, kwa kuwa zilikuja katika mtihani, na mtihani ukishapita zilibaki daftarini zikisubiri mende. Sikuwalaumu. Istilahi ikifundishwa bila historia yake ni kama jina la mtu usiyemjua ukoo wala kijiji; unaweza kulitamka vizuri na bado usijue ufanye nini likigonga mlangoni pako.

Ndani ya orodha hiyo palikuwa na kanuni moja ambayo wanachuo hawakuhitaji kuikariri, kwa sababu walikuwa wamekua nayo tangu shuleni: mwalimu wa Kiingereza hufundisha Kiingereza kwa Kiingereza tu. Neno la Kiswahili likimponyoka darasani, amekosea. Kanuni hii niliifuata nikiwa kijana, nikaifundisha, nikaikagua, na kwa miaka mingi nikaitafutia asili yake. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyakuta. Yamenichukua miaka kwa sababu vitabu vya mbinu vilivyofika chuoni kwetu vilisema tu kwamba ndivyo inavyotakiwa, kana kwamba kanuni hiyo ilishuka pamoja na mvua.

Lakini kwanza niseme neno kuhusu istilahi mbili zinazochanganywa kila siku. Lugha ya pili, kwa maana ya wataalamu, ni ile ambayo mtu anajifunza mahali inapotumika: sokoni, ofisini, redioni, kwa majirani. Mtoto akitoka darasani anakutana nayo tena njiani. Lugha ya kigeni ni ile inayoishi darasani tu. Kengele ikilia imekwisha hadi kesho. Sasa chukua mtoto wa kijijini Sumbawanga au Newala. Nyumbani anasema Kifipa au Kimakonde, sokoni na shuleni Kiswahili. Kwa hesabu hiyo lugha yake ya pili ni Kiswahili, na Kiingereza ni cha kigeni kama Kijerumani kilivyo kigeni. Hata hivyo vitabu vyetu vyote vilikiita lugha ya pili, na kwa kuwa kiliitwa hivyo, mwalimu alitakiwa kufundisha kana kwamba mtoto atakisikia tena akitoka nje. Jina moja tu likabadili kazi nzima ya mwalimu.

Turudi kwenye kanuni. Kabla haijazaliwa ilikuwapo njia ya sarufi na tafsiri, ambayo shule za Ulaya ziliirithi kutoka ufundishaji wa Kilatini. Mwanafunzi alipewa sheria za sarufi, orodha ya maneno na maana zake, kisha sentensi za kutafsiri kwenda na kurudi. Kwa Kilatini haikuwa na ubaya mkubwa, kwani hakuna Mrumi wa kale angekuja kumsalimu mtu mlangoni. Tatizo lilikuja pale njia hiyo hiyo ilipotumika kwa lugha za watu walio hai.

Anayelieleza tatizo hilo vizuri kuliko wote ni Mfaransa mmoja, François Gouin, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1880. Gouin alikuwa mwalimu wa Kilatini, akaamua kwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Badala ya kuzungumza na watu alijifungia chumbani na kitabu cha sarufi, na kwa siku kumi akakariri sheria zote pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni. Akaenda kusikiliza mhadhara. Hakuambulia hata neno moja. Akarudi chumbani, akakariri mizizi ya maneno 800. Hakuambulia. Mwishowe akameza kamusi nzima, maneno 30,000 kwa siku 30, hadi macho yakamwuma, na bado Kijerumani cha watu kikampita kama upepo. Aliporudi kwao akamkuta mpwa wake wa miaka mitatu. Alipoondoka mtoto huyo alikuwa bado hajaanza kusema, na sasa anaropoka Kifaransa bila shida yoyote. Mtoto alipelekwa kwenye kinu cha kusagia nafaka, kisha Gouin akamsikiliza akisimulia nyumbani: wanajaza magunia, wanayabeba, wanamwaga nafaka, jiwe linazunguka, unga unatoka. Hapo akaona kwamba lugha huingia kwa matendo yanayofuatana wala si kwa orodha.

Nilikuwa nikiwasimulia wanachuo kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka walicheka palepale kwenye kamusi. Kisha wakanyamaza, kwa sababu wengi wao walikuwa wamejifunza Kiingereza kwa namna hiyo hiyo ya Gouin.

Gouin hakuwa peke yake. Mwaka 1882 Mjerumani Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu kikali akidai ufundishaji wa lugha ugeuzwe kabisa, na akaficha jina lake kwa jina la Kilatini. Mwingereza Henry Sweet akaandika kitabu chake kikubwa mwaka 1899. Watu hawa walitaka lugha ianze mdomoni na masikioni, sentensi ziwe za maana, na sarufi ije baadaye. Jambo ambalo vitabu vyetu havikulitaja ni kwamba Sweet hakukataza lugha ya mwanafunzi. Aliona ni sawa kulieleza neno kwa lugha anayoijua mwanafunzi ili maana ieleweke upesi, kisha kazi iendelee.

Aliyekataza ni mfanyabiashara. Maximilian Berlitz, mzaliwa wa Ujerumani, alifungua shule ya lugha mwaka 1878 mjini Providence, Marekani. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alihitaji msaidizi wa kufundisha Kifaransa, akamwajiri kwa barua Mfaransa aitwaye Nicholas Joly. Joly alipofika ikagundulika kwamba Kiingereza hajui hata kidogo. Wakati huo Berlitz alikuwa mgonjwa, hivyo akamwagiza afundishe kwa kuonyesha vitu na kuigiza matendo. Baada ya wiki kadhaa Berlitz akapata nafuu, akaja darasani akitarajia fujo, akawakuta wanafunzi wanajibizana kwa Kifaransa. Njia ikawa imepatikana, na shule za Berlitz zikaenea Marekani na Ulaya.

Msomaji mwangalifu ataona kilichokuwamo ndani ya darasa la Joly. Mwalimu mzawa wa lugha. Wanafunzi wachache, watu wazima, waliolipa ada kwa hiari yao. Tena wanafunzi wa shule kama zile mara nyingi walitoka mataifa mbalimbali, kwa hiyo hata mwalimu angetaka kutafsiri, angetafsiri kwa lugha ya nani? Kupiga marufuku lugha nyingine ilikuwa ni kulifanya hitaji kuwa sifa, nayo biashara ilihitaji sifa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwapo katika darasa la tano la shule yoyote niliyoijua.

Harold Palmer, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni, alianza kazi katika shule ya Berlitz huko Verviers, Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye alifundisha London, na mwaka 1922 akaitwa Japani, ambako alikaa hadi mwaka 1936. Yale majedwali ya kubadilisha maneno ambayo sisi tuliyachora kwenye karatasi za manila na kuyabandika ukutani asili yake ni kwa watu kama yeye. Na Palmer naye, ingawa alitoka kwa Berlitz, katika kitabu chake cha mwaka 1917 aliikataa marufuku ile. Alisema kuna maneno ambayo tafsiri ndiyo njia fupi na ya uhakika ya kuyaeleza, na kumzungusha mwanafunzi kwa ishara ni kumpotezea muda na pengine kumpotosha.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, nami nimeketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini. Mwanachuo, kijana hodari, alikuwa na neno jipya ubaoni: “although”. Aliandika sentensi kwamba ingawa mvua ilikuwa inanyesha, mama alikwenda shambani. Kisha akaanza kuieleza kwa Kiingereza tu, kama nilivyomfundisha. Akachora mawingu. Akachora matone. Akachora mama mwenye jembe begani, na ili mvua ionekane vizuri zaidi akamchorea mwavuli. Alitumia dakika kumi, jasho likimtoka. Mwishowe akauliza kama wameelewa, darasa likaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa. Kipindi kilipokwisha nikamwita mtoto mmoja pembeni nikamwuliza kwa Kiswahili neno lile maana yake nini. Akanijibu bila kusita: “Mwavuli.”

“Ingawa” ina herufi sita.

Mtu mwingine katika historia hii ninayempenda ni Michael West. Alikuwa ofisa wa elimu wa Waingereza huko Bengal, na mkuu wa chuo cha ualimu cha Dacca, mji ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Labda ndiyo maana nikamwona kama mwenzangu wa kazi. West alijiuliza swali ambalo wakubwa wake hawakuuliza: mtoto huyu wa Bengal anakihitaji Kiingereza cha nini? Akaona kwamba wengi wanaacha shule kabla ya kufika mwisho, na kwamba miaka miwili au mitatu ya kusemeshwa Kiingereza haiwaachii chochote. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 akaazima neno la watu wa bima. Mtu akikata bima ya maisha kisha akashindwa kuendelea kulipa, kampuni humrudishia kiasi fulani. West akauliza, mtoto akiacha Kiingereza njiani anarudishiwa nini? Yeye aliona kitakachobaki ni uwezo wa kusoma. Kwa hiyo akatunga vitabu vya hadithi vyenye maneno machache yaliyochaguliwa, mapya yakiingizwa kidogo kidogo. Vitabu hivyo vilienea himaya nzima, Afrika ikiwamo. Orodha yake ya maneno ya msingi, yapata 2,000, ilitoka mwaka 1953, na vitabu vingi vya kusomea vya ngazi kwa ngazi vimeegemea kazi ya namna hiyo.

Nimefikiria sana juu ya swali la West nikiwaangalia vijana wetu wa darasa la saba. Kwa miongo mingi wengi wao waliishia hapo. Miaka ya Kiingereza, na cha kurudishiwa hakuna, ila “Good morning, teacher” na wimbo mmoja.

Sasa tufike nyumbani. Wakati wa Waingereza hapa Tanganyika, Kiswahili ndicho kilichotumika kufundishia madarasa ya mwanzo, na Kiingereza kikachukua nafasi yake juu zaidi. Nairobi ilikwenda njia nyingine: mwaka 1957 ulianza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, kisha ukaenea kwa wengine. Hewa ya wakati ule ilikuwa hiyo pale wajumbe wa Jumuiya ya Madola walipokutana Makerere, Uganda, Januari 1961, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Ni mlima ule ule aliosomea Mwalimu Nyerere, na mwaka uliofuata waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana papo hapo. Mlima ule umesikia mengi juu ya Kiingereza.

Mkutano wa 1961 ulikuwa na nia njema. Nchi zilikuwa zinapata uhuru, Tanganyika ilipata yetu Desemba mwaka huohuo, na walimu walihitajika kwa maelfu. Lakini mawazo yaliyotoka pale yakawa sheria katika vyuo vya ualimu kwa kizazi kizima. Mwaka 1992 msomi Robert Phillipson aliyakusanya katika mambo matano: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba mtoto akianza mapema zaidi ndivyo bora, kwamba vipindi vikizidi matokeo yanazidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Kisha akaonyesha moja baada ya jingine kwamba yote matano hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kitabu hicho kilinifikia kwa mkopo wa mwenzangu aliyetoka masomoni ng’ambo, nikakisoma usiku tatu mfululizo kwa taa ya kandili, umeme ukiwa umekatika. Siyakubali yote yaliyomo. Phillipson huandika wakati mwingine kana kwamba kila mwalimu Mwingereza alitumwa na serikali yake kutudanganya, nami nilifundishwa na wawili ambao walitupenda kwa dhati. Ila lile jambo la kwanza, la Kiingereza peke yake, alilipatia.

Wamarekani nao walikuwa wameleta lao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walihitaji askari wajue lugha upesi, na wanaisimu wao, pamoja na Charles Fries wa Michigan, wakajenga njia ya mazoezi ya kurudia rudia: sikiliza, iga, badilisha neno moja, iga tena. Waliamini lugha ni mazoea kama kupiga makasia. Mwaka 1959 Noam Chomsky aliishambulia imani hiyo vikali, akionyesha kwamba mtoto husema sentensi ambazo hakupata kuzisikia. Habari za shambulio hilo hazikuwahi vyuo vyetu mapema. Miaka ya 1970 bado tulikuwa tunaimbisha madarasa, na niseme ukweli, zoezi la kuimbisha lilimsaidia sana mwalimu mwenye watoto 70. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 watoto walimiminika shuleni kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa ualimu hukohuko vijijini. Serikali ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1967 kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili, uamuzi ambao mimi bado nauheshimu. Lakini mwalimu yule wa kijijini, ambaye Kiingereza chake chote kilienea kwenye kitabu kimoja, alipoambiwa afundishe somo la Kiingereza kwa Kiingereza tu, alikuwa na la kufanya moja: kusoma kitabu kwa sauti, darasa likaitikia.

Wengine walifanya jambo la akili zaidi. Walieleza kwa Kiswahili, na mtoto mmoja akawekwa dirishani aangalie kama gari la mkaguzi linakuja. Namjua mwalimu mmoja, mwanamke, ambaye watoto wake walikuwa wakiandika barua fupi za Kiingereza zinazoeleweka, jambo la nadra wilayani mwake. Mkaguzi akamkuta akisema Kiswahili kipindi cha Kiingereza. Ripoti ikaandika kwamba hajui mbinu. Kupandishwa kwake daraja kukakwama miaka minne. Barua za watoto hazikutajwa.

Na kuna kibao. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kipande cha ubao, au mfupa, hufungwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha yake. Naye hukipitisha kwa mwingine atakayemkamata, na jioni wote waliokivaa wanachapwa. Mimi nilikivaa. Ngũgĩ wa Thiong’o amesimulia habari zake za Kenya katika kitabu cha mwaka 1986. Kwa muda mrefu nilidhani kibao ni mtoto wa njia ya moja kwa moja. Sivyo. Kibao kilikuwapo Wales katika karne ya 19, kikifungwa shingoni mwa watoto waliosema Kiwelshi, na shule za Ufaransa zilikitumia kwa watoto wa Brittany, kabla Berlitz hajafungua darasa lake. Hakikuzaliwa na mtaalamu yeyote wa mbinu za kufundisha lugha. Kilizaliwa na shule zilizotaka lugha fulani zisisikike. Basi katika shule zetu zilikutana koo mbili zisizojuana: ule wa biashara ya Berlitz uliosema lugha yako haihitajiki darasani, na ule wa kibao uliosema lugha yako ni aibu. Mtoto hakuweza kuzitenganisha. Wala walimu wake hawakuweza.

Miaka ya 1980 kelele zikawa kubwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba shule za sekondari zihamie Kiswahili. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kujifunzia masomo. Jibu lililotoka ni mradi wa kukiimarisha Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza na kuanza mwaka 1987. Mradi ulileta maboksi ya vitabu vya hadithi vya ngazi kwa ngazi, na hapo niliona West amefufuka. Vilipotumika vilisaidia. Mahali pengine vilifungiwa kabatini visichafuke.

Baadaye ikaja njia ya mawasiliano. Dell Hymes wa Marekani alikuwa amesema kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua useme nini, kwa nani na wakati gani. Mwaka 1976 David Wilkins akapendekeza muhtasari ujengwe juu ya yale watu wanayotaka kuyasema: kuomba, kukataa, kusamehe. Sina ugomvi na hilo, Mswahili gani asiyejua kwamba salamu zina mahali pake? Ugomvi wangu ni na semina. Tuliambiwa tuwapange wanafunzi wawili wawili, mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, waulizane kwa Kiingereza. Katika darasa la London lenye Mturuki na Mjapani hawana lugha nyingine ya kuulizana. Kwetu, watoto 90, wote Waswahili, waliulizana kwa Kiswahili, wakamaliza kazi kwa dakika mbili na kuandika jibu sahihi. Mwezeshaji aliyetoka mbali akatazama akasema wamefanya vizuri sana.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilibadili fomu ya andalio la somo katika idara yetu. Niliongeza safu moja: mahali Kiswahili kitakapotumika, na kwa sababu gani. Sikutaka Kiswahili kiwe kichaka cha mwalimu mvivu, maana nao wapo, anayefundisha Kiingereza dakika arobaini bila mtoto kusikia sentensi tatu za Kiingereza. Nilitaka mwanachuo ajue kabla ya kuingia darasani ni neno gani atalitafsiri kwa sekunde mbili, na dakika tisa zitakazookolewa atazifanyia nini. Kuijaza safu ile kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Kuamua nini kitafsiriwe kunadai mwalimu azijue lugha zote mbili, na hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba vijana wengi Kiswahili chao kilikuwa hakijanolewa pia.

Tangu wakati huo wataalamu wenyewe wamegeuka. Guy Cook, Mwingereza, aliandika kitabu kizima mwaka 2010 kuitetea tafsiri darasani. Na lipo neno linalosikika sasa katika kila kongamano, la kuzitumia lugha mbili kwa mpango katika somo moja, wanafunzi wakisoma kwa hii na kujadili kwa ile. Watu hudhani limetoka Marekani. Limetoka Wales: mwaka 1994 Cen Williams aliliunda kwa Kiwelshi, trawsieithu, akieleza kazi za walimu wa huko. Nchi ile ile ya kibao.

Karibu na ninapoishi ipo shule inayofundisha kwa Kiingereza tangu awali, yenye bango getini linaloonya kwamba asiyesema Kiingereza hatahudumiwa. Mmoja wa walimu wake nilimfundisha chuoni. Hupita kwangu Jumamosi akitoka sokoni, anaamkia, “Shikamoo Mwalimu,” anaketi, tunazungumza. Amekuwa akiwaeleza watoto wake kwa Kiswahili dakika tano za mwanzo wa kila kipindi, mlango ukiwa umefungwa, na matokeo yake ni mazuri kuliko ya wenzake. Mwezi uliopita mlango ulifunguliwa. Ameandika maelezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza safi. Aliniletea nikayasoma, sikuona cha kusahihisha. Mpaka jana alikuwa bado anasubiri jibu la mwenye shule.